Uzito wa Mbele

Pikipiki ilifika gareji ya Musyimi pale Mukuyuni ikiwa imeinama mbele, na hakuna aliyekuwa ameikalia. Mwenyewe, Abdulatif, alikuwa ameshashuka, amesimama kando akijifuta jasho shingoni, na bado shoki mbili za mbele, vile vyuma vya kupokea mitikisiko, zilikuwa zimezama karibu mpaka mwisho. Musyimi aliitazama akangoja iinuke. Pikipiki hata ichoke namna gani, ukishuka huinuka kidogo. Hii ilibaki pale pale. Abdulatif alipovuka barabara kwenda kununua maji ya kunywa, ndipo ilipoinuka, taratibu, mafuta yakikoroma ndani ya vyuma, kama mtu aliyekaa muda mrefu mahali akaamua kumfuata mwenzake.

Musyimi aliyaona hayo yote. Alijua kwamba hapo mtu angeshtuka. Yeye alichukua spana.

Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, ya wale watu wanaovuka nchi tatu kwa likizo moja, yenye tangi pana, kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ubavuni. Hapa Makueni, ambako pikipiki ni ya bodaboda au ya kubebea maji, watu walisimama kuitazama. Abdulatif alikuwa ameinunua Mtito Andei, nyuma ya nyumba moja ya wageni. Mwenyewe wa kwanza aliiegesha pale jioni, akalala, na asubuhi akapanda basi bila kuchukua hata kofia yake ya pikipiki. Hakurudi, na simu hakupokea. Mwenye nyumba alipochoka kungoja, akaiuza.

"Shida iko wapi?" Musyimi aliuliza.

"Iko mbele, fundi." Abdulatif alikuwa mtu wa Kitui mjini, muuza magodoro, mjukuu wa mzee aliyetoka pwani zamani akaoa huku. Kwa kawaida alikuwa msemaji, lakini siku hiyo aliyapima maneno yake. "Nikishika breki inazama yote. Kwa matuta inagonga mpaka meno yanauma. Na inavuta kushoto. Kutoka Mtito mpaka Makindu nimepigana na hiyo kitu, inataka kuniingiza porini."

"Sili za kuzuia mafuta zimekufa. Pengine na bushi. Nitafungua nione."

"Sawa." Abdulatif hakuondoka. "Halima amekataa kuipanda. Bibi yangu. Anasema iko na mtu."

"Mtu gani?"

"Si unajua wanawake," Abdulatif alisema, lakini hakucheka, na aliposhikana mikono na fundi kuagana, alikuwa ameipa pikipiki mgongo.

Watu walimletea Musyimi pikipiki kubwa kutoka mbali kwa sababu aliwahi kufanya kazi miaka mingi Nairobi kwenye gareji ya pikipiki za aina hiyo. Mwaka huu walikuwa wanamletea pia kwa kumhurumia. Mtoto wake wa pekee, Mumbua, alikuwa amekufa mwezi wa nne, kwa homa iliyomchukua kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Alikuwa darasa la kwanza. Kila jioni alikuwa akitoka shuleni anakuja gareji, anakaa juu ya gurudumu bovu akingoja baba yake afunge kazi, kisha anapakiwa juu ya tangi la ile bodaboda ndogo ya nyumbani, mbele, katikati ya mikono ya baba, na hivyo ndivyo walivyokuwa wakirudi.

Musyimi hakulia siku ya mazishi. Hakulia hata baadaye. Chai ilikuwa haina ladha, akainywa. Siku moja aliegemeza mkono kwenye bomba la moshi la moto, na alichohisi kwanza kilikuwa harufu ya ngozi yake ikiungua, maumivu hayakuja. Aliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Watu wa kanisani walikuja kuwaombea, wakakaa, wakaimba, na mke wake Nduku ndiye aliyepika, akawapokea, akawasindikiza mpaka barabarani. Wiki iliyofuata alirudi sokoni kuuza ndengu zake. Watu walisema mama yule Mungu amempa nguvu. Ndani ya nyumba, mtu akitaja siku ile, Nduku aliinuka akaenda kuchota maji, hata kama mtungi ulikuwa umejaa.

Basi Musyimi akafungua pikipiki. Aliiinua kwa jeki, akatoa gurudumu, akalegeza vikamatio, akazivuta shoki zote mbili na kuzigeuza juu ya karai. Mafuta yaliyomwagika yalikuwa meusi, jambo la kawaida. Yalikuwa pia na joto. Pikipiki ilikuwa imelala kivulini tangu jana, na mafuta yale yalikuwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto. Alitia kidole, akakitoa, akakipangusa kwa kitambaa. Kisha akaendelea.

Sili zilikuwa zimechanika. Alitia mpya. Bushi alizibadilisha. Mirija aliibiringisha juu ya kioo kuona kama imepinda, ikabiringika sawa. Springi zilikuwa nzima, beringi za usukani zilikuwa nzima. Alijaza mafuta mapya, akafunga kila kitu, akaishusha pikipiki chini na kuikandamiza kwa mikono miwili. Ilizama vizuri, ikapanda vizuri. Kazi ilikuwa imeisha.

Alikwenda kunawa mikono. Aliporudi, mbele ilikuwa imezama.

Alizunguka akatazama chini kama mafuta yamevuja. Hayakuvuja. Aliweka mkono juu ya tangi, akahisi mtikisiko mdogo sana, wa kwenda na kurudi, kama wa kifua cha mtu aliyelala. Saa saba ya mchana. Barabarani magari yalikuwa yakipita, na kwenye duka la jirani redio ilikuwa ikihubiri. Musyimi alivaa kofia akasema ataijaribu barabarani, maana fundi hawezi kusema kazi imeisha kabla ya kuipanda.

Alishika barabara ya kwenda mji wa Wote. Kwenye tuta la kwanza alibana breki, na kitu kikamwegemea kifuani. Kilikuwa kizito kama mwanamume mkubwa. Kilikuwa kimekaa mbele yake, juu ya tangi, kimemwelekea yeye, na pumzi yake ilipita chini ya kofia ikamgusa midomo, pumzi yenye harufu ya chumvi na ya nywele zilizoungua. Hakuona kitu. Aliiona barabara tu, na miti ya maembe ya watu, na mbuzi.

"Pole," Musyimi alisema, vile mtu husema akimgonga mwenzake bila kukusudia.

Pumzi ikasimama. Pengine kile kitu kilikuwa kimezoea kupigiwa kelele. Pengine mwenyewe wa kwanza alipiga kelele mpaka Mtito, na Abdulatif alipiga zake mpaka Makindu, na sasa kilikuwa kimekutana na mtu asiyekuwa na kitu ndani cha kutikisika, kikashangaa, kikataka kujua ni nini kilichotolewa mle. Kilikaa kimya mpaka gareji. Lakini njia nzima Musyimi alihisi vidole vikimpapasa mikono, kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, vikipima namna mikono hiyo ilivyozoea kukunjika.

Siku iliyofuata uzito ulikuwa umepungua.

Aligundua kwa shoki. Alipoipanda, mbele haikuzama mpaka mwisho, ilizama nusu. Siku ya pili yake ilizama kidogo zaidi ya kawaida tu. Ile harufu ya nywele zilizoungua ilififia, na mahali pake pakaja harufu ya mafuta ya nazi na vumbi la chaki. Kitu kilikuwa kimegeuka kikatazama mbele. Kila tuta, kichwa kidogo kilimgonga chini ya kidevu, mahali palepale, kwa urefu uleule. Na shoki zikaanza kuwa na sauti. Zikizama, mafuta yalipita kwenye tundu na kusema "ba". Zikipanda, yalisema "ba".

Hapo Musyimi akaacha kutengeneza.

Abdulatif alipopiga simu kuuliza, alimwambia kuna kipuri kinangojwa kutoka Nairobi. Hakuna kipuri kilichokuwa kinangojwa. Kila alasiri, saa ambayo shule hutoka, aliitoa pikipiki nje, akaipanda, akafungua mikono yake kidogo kuacha nafasi, akaenda. Mwanzo alikwenda mpaka kwenye kinu cha unga akarudi. Halafu akaenda mbele ya hapo. Akirudi, mikono yake ilikuwa na joto, na kulikuwa na kitu kifuani kilichosogea, kidogo sana, kama mdudu chini ya gunia. Hakikuwa furaha. Lakini tangu mwezi wa nne hakukuwa na kingine chochote kilichosogea mle, naye alikishika hicho.

Ilikuwa siku ya soko Nduku alipomwona. Alikuwa amekaa nyuma ya magunia yake ya ndengu, akimpimia mteja, pikipiki ikapita. Alimaliza kupima, akamwomba jirani amwangalizie mali, akatembea mpaka gareji. Alimkuta Musyimi ameshaegesha, ameinama, anaongea na tangi kwa sauti ya chini. Alipomwona mke wake akanyamaza.

"Ulikuwa umebeba nani?" Nduku aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Nimekuona, Baba Mumbua. Umepita na mikono umefungua hivi." Akaifungua yake, viwiko nje, kifua nyuma. Watu wawili tu duniani walikuwa wanaijua namna ile ya kukaa, na wote wawili walikuwa wamesimama pale. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Nilikuwa naijaribu shoki."

"Shoki inaongelewa?"

Nduku aliisogelea pikipiki, akaweka kiganja juu ya tangi, akakiondoa haraka.

"Iko moto."

"Imetoka barabarani."

"Hapana. Si moto ya injini." Alipunguza sauti ingawa hakukuwa na mtu wa kuwasikia. "Iko moto kama yeye ile usiku ya mwisho. Nilimpangusa na kitambaa mpaka asubuhi, najua hiyo moto. Rudishia mtu pikipiki yake. Nakuomba. Mimi naogopa."

"Nitairudisha."

"Leo."

"Kesho," Musyimi alisema.

Nduku alitaka kuondoka. Kabla ya kuondoka alirudisha mkono juu ya tangi, na safari hii aliuacha pale kwa muda, macho yake yakiwa kwingine, mpaka alipoitwa na mtu kutoka sokoni.

Kesho yake Musyimi hakungoja shule itoke. Aliondoka asubuhi, akamwambia jirani anaipeleka Kitui kwa mwenyewe, lakini alipofika barabarani usukani ulivuta upande mwingine naye akauacha uvute. Aliipita Wote. Aliyaona majengo ya kaunti kwa pembe ya jicho, akaona watu wakivuka barabara, akaona askari akimpungia mkono, na vyote vilikuwa mbali kama vitu vinavyoonekana kwenye maji, kwa sababu kati ya mikono yake kulikuwa na uzito uleule, ule hasa, wala si zaidi wala si pungufu, na kichwa kidogo kilikuwa kinamgonga chini ya kidevu, na shoki zilikuwa zikisema ba, ba, ba, ba, kila shimo na kila tuta, na baada ya Wote zikaanza kusema neno jingine pia, twende, baba twende, baba twende, na alipouliza twende wapi hakujibiwa, ila vidole viwili vitatu vya moto vilimshika kifundo cha mkono wa kulia na kuuondoa taratibu kwenye breki, kwa upole, kama mtoto anayemzuia mzazi asimnyang'anye kitu, na barabara ilikuwa inateremka, na kule chini kulikuwa na daraja la mto mkavu ambalo ukingo wake wa kushoto ulikuwa umevunjwa na lori zamani na haujawahi kujengwa, na usukani ulikuwa unavuta kushoto, kushoto, naye hakuwa anaogopa, alikuwa akifikiri tu kwamba mtoto ameshikilia vizuri.

Petroli iliisha.

Injini ilikohoa, ikazima, pikipiki ikaserereka peke yake, gia ikiikokota nyuma, na gurudumu la mbele likasimama kwenye ukingo uliovunjika, kokoto zikimwagika chini na kugonga juu ya mawe ya mto. Musyimi alikaa pale. Alitazama chini, akayapima mawe ukubwa wake, akajua angelala juu ya lipi. Kilichomjia hakikuwa hofu. Kilikuwa masikitiko kwamba petroli imeisha. Na alipokisikia hicho, alipojisikia mwenyewe akisikitika hivyo, ndipo mahali fulani ndani, nyuma kabisa, mtu mmoja aliyebaki akasema kimya kimya: Musyimi, hii si sawa.

Mwenye pikapu ya kubebea mchanga alimrudisha Mukuyuni, yeye na pikipiki. Nduku ndiye aliyempigia Abdulatif simu. Hakumweleza mengi. Alimwambia tu, "Kuja na mtu wenu anayejua. Bibi yako hakukosea."

Abdulatif alikuja na shangazi yake, Bi Ummi, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake na za watoto katika jamii yao pale Kitui. Walifika alasiri, jua likiwa bado kali. Bi Ummi aliomba chai kwanza. Aliinywa amekaa kwenye benchi, akiitazama pikipiki kwa juu ya kikombe.

"Mimi si mganga," aliwaambia. "Wananiita kwa sababu sina woga na maiti. Lakini hicho si maiti, na mimi naogopa kama nyinyi. Nani amekipanda zaidi?"

"Ni mimi," Musyimi alisema.

"Na kinakwambia ni nani?"

Nduku, aliyekuwa amesimama kushoto kwa pikipiki na kitabu chake cha nyimbo kifuani, ndiye aliyejibu. "Kinamwambia ni mtoto wetu."

Bi Ummi aliweka kikombe chini. Aliomba kopo, akatia makaa kutoka jiko la muuza mahindi, akanyunyiza ubani. Aliona Nduku anarudi nyuma kwa ule moshi, akamwambia, "Omba yako, mama, nami niombe yangu. Mungu hachanganyikiwi." Kisha akamwomba Musyimi waishike pikipiki pamoja kwenye usukani, huku na huku, na kuinua mbele. Waliinua. Gurudumu liliachana na ardhi kidogo. Bi Ummi alifumba macho, akaupima ule uzito kwa mikono yake, akanong'ona aya zake, na alipofumbua uso wake ulikuwa umebadilika.

"Shusha," alisema. "Shusha polepole. Mwanangu, sikiliza. Mimi nimebeba watoto wengi mikononi kuwapeleka kwenye maji. Mtoto aliye hai hujishika mwenyewe, ana wepesi wake. Aliyekufa hulemea mahali pamoja, anakuachia mzigo wote. Hiki hakijui hili wala lile. Kina uzito wa mtoto vile mikono yako inavyoukumbuka, basi. Kimeusoma kwako."

"Najua," Musyimi alisema.

"Unajua?"

"Najua tangu mwanzo. Kilikuwa mtu mkubwa kwanza." Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anaeleza ubovu wa mashine. "Lakini kikikaa hapo, nasikia kitu. Kikitoka, sisikii kitu chochote, mama. Hata njaa."

Abdulatif aligeukia barabarani akajifanya anatazama magari.

"Basi kitakupeleka mpaka kikumalize," Bi Ummi alisema. "Hicho hakitoki kwa moshi wangu. Moshi unakikera tu. Kimekaa kwa sababu kuna nafasi umekiwekea, na nafasi hiyo ni neno hujalitamka. Litamke. Kisha ukiambie kishuke, kama unavyomwambia mtu yeyote aliyepanda chombo kisicho chake."

Musyimi alifungua mdomo. Shoki zilizama, bila mkono wa mtu, zikapanda, zikasema ba, ba. Harufu ya chaki ilijaa gareji nzima mpaka Abdulatif akaziba pua. Nduku alianza kuomba kwa sauti, kwa Kikamba, akiliita jina la Yesu tena na tena.

"Mumbua amekufa," Musyimi alisema.

Hakuna kilichotokea. Lilikuwa neno tu, kavu.

"Mumbua alikufa mwezi wa nne," alisema tena, na safari hii sauti iligonga kitu njiani. "Nilikuwa nimemshika. Alikuwa moto, halafu akaanza kupoa kwa miguu, nikafikiri ni homa inashuka, nikamwambia mama yake homa inashuka. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwa mbaazi. Niliweka udongo mimi mwenyewe. Wewe si yeye. Wewe sikujui. Shuka. Shuka kwa pikipiki ya watu!"

Pumzi ndefu ilitoka ndani ya vyuma, ndefu kuliko hewa inayoweza kukaa mle, na ndani yake haikuwa sauti ya mtoto, ilikuwa sauti nene, ya zamani, ya kitu kilichokaa kando ya barabara miaka mingi kikingoja wapitao, na harufu ya chumvi na nywele zilizoungua ikarudi mara moja tu, kali, makaa kwenye kopo yakazima bila maji, na mbele ya pikipiki ikapanda juu, juu kabisa, juu kuliko ilivyowahi kupanda tangu iletwe, ikasimama. Upande wa kushoto, aliposimama Nduku, vumbi likaruka kidogo ardhini.

Kisha ikawa alasiri ya kawaida. Redio ya jirani ikasikika tena. Musyimi alikaa chini kwenye mafuta yaliyomwagika, akalia. Alilia vibaya, mdomo wazi, kama mtu anayetapika, na kila kitu kilimrudia kwa pamoja, mkono alioungua ukaanza kumuuma, tumbo likauma kwa njaa, mwanga wa jua ukamchoma macho. Abdulatif alichuchumaa kando yake, akaweka mkono mgongoni pake, hakuutoa.

Bi Ummi alitazama huku na huku chini ya meza na nyuma ya magurudumu. "Kimetoka kwa pikipiki," alisema, kama mtu anayechagua maneno yasiahidi zaidi. Halafu akamgeukia Nduku. "Na wewe, mama? Umelisema?"

"Nimelisema," Nduku alijibu. Alikuwa ameacha kuomba. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimemwanguka miguuni, na mikono yake alikuwa ameikunja tumboni.

"Sikukusikia."

"Nimelisema moyoni."

"Moyoni hakutoshi. Liseme kwa mdomo, nikiwa hapa."

"Mama, nimechoka," Nduku alisema kwa upole, akitabasamu. "Wacha nimpeleke mtu wangu nyumbani. Nitalisema nyumbani."

Bi Ummi angetaka kuongeza neno, ilionekana, lakini jua lilikuwa limeanza kushuka, na yeye hakutaka giza limkute njiani na pikipiki ile. Abdulatif aliipanda, akaijaribu mpaka dukani na kurudi, akabana breki mara mbili. Mbele ilizama kama inavyotakiwa, ikapanda kama inavyotakiwa, wala haikuvuta upande wowote. "Iko sawa, fundi," alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Aliondoka nayo, shangazi yake akimfuata kwa gari la kukodi walilokuja nalo.

Musyimi alifunga gareji. Alinawa uso, akatoa ile bodaboda ndogo, Nduku akapanda nyuma. Waliingia barabara ya vumbi ya kwenda nyumbani kukiwa bado na mwanga. Hewa ilikuwa na harufu ya moshi wa jikoni, naye akaivuta kwa nguvu, na ilimuuma vizuri. Alitaka kumwambia mke wake mambo mengi. Alitaka wafike, wakae nje, waongee juu ya ile siku yote, toka asubuhi yake.

Walipofika mahali penye mashimo, aliona pikipiki ni nzito nyuma, inalala. Akanyoosha mgongo kumtafuta Nduku amwegemee, kama siku zote, na mgongo wake haukumgusa mtu. Kulikuwa na nafasi.

"Umekaa mbali sana," alimwambia. "Sogea, utaanguka."

"Niko sawa."

"Sogea, Nduku. Nishike."

Nduku akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha chini, kicheko cha mama asiyetaka kumwamsha mtu.

"Nikisogea nitamfinya," alisema.

Musyimi alipunguza mwendo. Sasa alikuwa mtu mwenye kuhisi tena, na aliihisi ile hofu yote aliyokuwa ameikosa, ikimpanda kutoka miguuni mpaka nywele, huku nyuma yake, chini ya mbavu, viganja viwili vidogo vya moto vikiushika mkanda wake.